Mahali pa Kula Tukifika Dar

Wiki mbili baada ya kumzika baba tulikuwa bado tumejaa nyumbani Kyela, ndugu watatu ambao hatukuwa tumelala chini ya bati moja kwa miaka mingi, kiasi kwamba kila mmoja alikuwa amesahau mwenzake anakoroma vipi. Asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua ya kwetu isiyo na haraka, na binti wa dada yangu Tumpe alikuwa amekaa barazani na simu yake akiwapangia wanawe likizo ya Desemba. Watakwenda kwenye uwanja wa michezo huko Dar es Salaam. Siku ya kwanza wateleze kwenye maji, siku ya pili wapande treni ndogo. Kati ya mchezo na mchezo alikuwa anatafuta mahali pa kula, akisoma kwa sauti maneno ya watu asiowajua. "Huyu anasema kuku ni mzuri ila wanachelewesha. Huyu anasema usiende Jumapili." Mdogo wetu Lusajo, ambaye siku hizi ana kitambi cha heshima, akacheka mpaka akavua miwani. "Waulize madereva wa malori," alisema. Binti hakuelewa. Tumpe na mimi tulielewa, kila mmoja akatazama mvua kwa upande wake.

Tangu asubuhi hiyo mwaka ule umekuwa ukinijia, na hauji kwa mpangilio. Unakuja kama harufu ya wali inavyokuja, unaisikia kabla hujaona moshi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Tumpe kumi na sita, Lusajo tisa. Ilikuwa zama za ruksa, mipaka imelegea na vitu tulivyovisikia tu vimeanza kuonekana madukani: sabuni zenye harufu ya matunda tusiyoyajua, redio za kaseti, viatu vya plastiki vinavyong'aa kama vimelowa. Malori ya watu binafsi yalishuka milima ya Tukuyu kuja kununua mpunga moja kwa moja kwa wakulima wa Busale na Makwale, na ghala la ushirika, ambako baba alikuwa karani, likawa linabaki tupu mwezi hadi mwezi, mpaka hata panya wakahama. Lakini mimi siukumbuki mwaka ule kwa ghala. Naukumbuka kwa chumba kimoja kirefu kando ya stendi, kilichopakwa rangi ya kijani hadi usawa wa bega na nyeupe kuanzia hapo kwenda juu, chenye meza nne, mabenchi manane, na dirisha ambalo mchana liliingiza jua pamoja na vumbi na majina ya miji.

Kile kilikuwa chumba cha mgahawa wa mama. Watu walimwita Mama Tumpe, na wapo madereva waliokuwa wakijizuia kula Mbeya ili wafike kwake na njaa kamili. Alipika wali, samaki wa ziwani, maharage, na siku za Jumatano mbalaga, ndizi zetu za kupikwa mpaka zinalegea, ambazo wageni walianza kuzila kwa mashaka na kumaliza kwa kuomba tena. Mama mwenyewe alikula amesimama. Sikumbuki kabla ya mwaka ule nimemwona amekaa mezani. Alikula mwisho, wateja wakishatoka, jikoni, mfuniko wa sufuria ukiwa ndio sahani yake, jicho moja likiwa mlangoni. Hatukuona ajabu. Tulidhani ndivyo akina mama walivyoumbwa, kama farasi ambaye mwalimu alituambia hulala wima.

Jioni moja ya masika baba alisubiri tumalize kula, akajifuta mdomo, akasema kwa sauti ya kusoma tangazo, "Mwezi wa kumi na mbili, shule zikifungwa, tutakwenda Dar. Wote watano." Halafu akatoa mfukoni ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara nne na kuutandaza mezani. Palikuwa na picha ya gurudumu kubwa kuliko nyumba, lenye viti vilivyoning'inia na watoto ndani yake wakiwa wamefungua midomo. Chini yake treni ndogo, na mteremko wa maji wa rangi ya buluu. Lusajo aliweka kidole kwenye gurudumu na hakukiondoa. Tumpe aliuliza, kwa tahadhari ya mtu mzima, kama kweli. "Kweli," alisema baba. Mama alikuwa anakusanya sahani. "Mimi gurudumu silitaki," alisema. "Mimi nitachagua mahali pa kula. Mahali nitakapokaa, na mtu mwingine aniletee."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Baba aligeuza kalenda ya mwaka uliopita, akapiga mistari kwa rula nyuma yake kama alivyopiga mistari ya vitabu vya ghala, akaandika juu: Siku, Saa, Mahali, Chakula. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, nilikabidhiwa kalamu. Ratiba ikabandikwa ukutani mgahawani, na kabla ya wiki kuisha haikuwa tena yetu peke yetu. Madereva waliisoma wakisubiri chakula. Aliyekuwa akiijadili zaidi ni Sadiki, dereva mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akishusha sukari na kupakia mchele.

"Shikamoo mama. Mmeandika mtakula Makambako?"

"Marahaba. Ndiyo. Kuna ubaya?"

"Makambako mtakunywa chai tu, baridi ya pale haina utani. Kuleni Iringa. Kuna mama mmoja nyuma ya stendi, maharage yake yanakaribia haya."

"Yanakaribia," mama alirudia, akijifanya hakufurahi.

"Yanakaribia kwa mbali, mama."

Nikafuta Makambako, nikaandika Iringa. Kesho yake dereva mwingine akasema Iringa pale nyuma ya stendi mama yule alishahama, nikafuta tena. Kuhusu Ruaha Mbuyuni waligombana watu watatu kwa sababu ya vitunguu. Kuhusu Morogoro kila mtu alikuwa na lake. Karatasi ilijaa mikwaruzo mpaka ikawa laini kama kitambaa, na mimi nilikuwa nalala nikiota barabara yote ile, mji mmoja baada ya mwingine, na katika kila mji sufuria inafunuliwa. Sijawahi kusafiri safari ndefu kama ile niliyoisafiri nikiwa nimekaa kwenye benchi, kalamu mkononi.

Kuhusu Dar yenyewe tuligawanyika. Lusajo alitaka chipsi na aiskrimu, mlo wa asubuhi, mchana na jioni. Tumpe, ambaye rafiki yake wa sekondari aliwahi kufika, alitaka hoteli yenye vitambaa vya meza. Jirani yetu Bi Zuhura, mke wa mwenye duka la vitambaa, ambaye wazee wake walitoka Lindi na ambaye kaka yake aliyekuwa akiishi Temeke ndiye angetupokea, alikuwa na msimamo wake: "Msile ndani ya uwanja wa michezo. Pale mnauziwa kelele. Nendeni kule feri, mle samaki wa maji chumvi, Mama Tumpe aone kama mbasa wenu wa ziwani ana mpinzani." Sadiki naye aliijua nyumba moja ya chakula karibu na feri, yenye mlango wa buluu. Mama aliisikiliza habari ya mlango wa buluu siku tatu mfululizo, akauliza kama viti vina migongo, akaambiwa vinayo. "Andika hiyo," aliniambia. Nikaandika.

Mwezi wa sita, wakati wa mavuno, mchana mmoja wa jua kali nilikuwa uani namenya ndizi. Mama na Bi Zuhura walikuwa ndani ya stoo wakichambua mchele, na kati yangu na wao palikuwa na ukuta wa mbao tu. Walikuwa wakicheka, kisha kicheko kikaisha, nikasikia mchele ukichezeshwa kwenye ungo peke yake.

"Barua ya hospitali imejibiwa?" aliuliza Bi Zuhura.

"Imejibiwa. Desemba, huko huko Dar. Jumatatu baada ya kufika nilale, Jumanne wanipasue. Daktari wa Mbeya alisema uvimbe huu si wa kukimbizwa nao hospitali usiku usiku, lakini si wa kuchezea pia."

"Na watoto wanajua, shoga?"

"Watoto wanajua gurudumu."

Ungo ukatikisika. Halafu mama akasema, kwa sauti aliyotumia kuagiza chumvi, "Kama sitarudi, nataka wawe wameniona siku moja nimekaa, sina upawa mkononi."

Nakumbuka ndizi iliyokuwa mkononi mwangu, nusu imemenywa. Nakumbuka kuku aliyekuja akadonoa ganda, nikamwacha. Mpaka leo sijui kwa nini sikumwambia Tumpe. Labda niliona kwamba siri ile ikitamkwa itakuwa kweli, na ikikaa kwangu itabaki kuwa maneno yaliyopenya kwenye mbao. Niliendelea kuandika ratiba. Lakini nililiondoa gurudumu asubuhi, nikalisogeza alasiri, nikaweka chakula kabla ya michezo yote. Lusajo alilia kwa hasira. "Nani anakula kwanza?" alipiga kelele. Baba alinitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama karatasi, akasema, "Iachwe hivyo hivyo."

Mwezi wa nane kazi ya baba iliisha. Alirudi nyumbani mchana na rula yake na kikombe chake cha chai, akakaa kwenye benchi la wateja karibu na dirisha. Tulisubiri atuambie safari imekufa. Badala yake Jumamosi iliyofuata alisema ratiba yoyote nzuri lazima ijaribiwe, akatupandisha lori la kwenda Matema, na kutoka pale mtumbwi hadi Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, ambako wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono. Ziwa lilikuwa limetulia siku ile mpaka milima ya Livingstone ilikuwa imelala ndani yake kichwa chini, na Lusajo aliogopa kutumbukiza mkono asije akaivuruga. Baba alikuwa na saa yake. "Tumechelewa dakika ishirini na tano," alitangaza katikati ya ziwa, naye mpiga makasia akamuuliza tunamwahi nani.

Ikombe mama alitaka chungu kipya. Mwanamke mzee aliyekuwa akiviuza aligonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole akisikiliza kinavyojibu, na baada ya kuuza alitukaribisha samaki, magege waliochemshwa kwa maji na chumvi na nyanya, chakula cha mtu asiyejisumbua kwa kuwa ana samaki wa asubuhi. Alituketisha kwenye mkeka. Alipoinuka kwenda kuleta ugali, mama naye akainuka kumfuata, kama mtu aliyeitwa. Mwanamke yule akageuka, akamshika mabega, akamrudisha chini. "Kaa," alisema kwa Kiswahili cha taratibu. "Jiko hili si lako." Mama alikaa. Aliweka mikono mapajani, akaitoa, akairudisha. Alikula kidogo sana, akainuka kuosha vyombo kabla hatujamaliza. Nilimtazama nikawaza, hataweza. Tutafika Dar, ataingia jikoni kwa watu.

Desemba ilifika. Nauli ilipatikanaje sikuuliza, na baba hakuwahi kusema. Tuliondoka Kyela alfajiri, na barabara niliyoiota ikaanza kutokea yenyewe, ikiwa ndogo hapa na kubwa pale kuliko nilivyoiandika. Makambako tulikunywa chai na baridi haikuwa na utani kweli. Iringa nyuma ya stendi yule mama alikuwepo, hakuwa amehama, na maharage yake yalikaribia kwa mbali. Baba alinipa karatasi nikaandika Iringa upya, nikaweka alama ya vema. Mikumi tembo walisimama kando ya lami kama watu wanaosubiri basi, Lusajo akawa amelala, tukagombana baadaye kwa nini hatukumwamsha. Tulifika Temeke tumevimba miguu. Kaka yake Bi Zuhura alitutandikia sebuleni, na usingizini nilikuwa bado nayumba.

Jumamosi saa sita tulikwenda feri kutafuta mlango wa buluu. Tuliupata. Ulikuwa wa buluu kweli, lakini ndani palikuwa pamejaa kaseti na spika kubwa, na kijana mmoja akatuambia chakula kiliondoka pale tangu mwaka juzi. Baba alifungua karatasi akaitazama kama mtu aliyetapeliwa na mwandiko wa mwanawe. Tumpe akasema basi twendeni penye vitambaa vya meza. Lusajo akasema chipsi. Mimi nilimtazama mama, kwa sababu nilijua Jumatatu ni nini, na sehemu moja tu ya ratiba ile ilikuwa ya mama. Yeye alicheka. Alifunga kanga vizuri, akaanza kutembea, tukamfuata. Alipita nyumba moja ya chakula, akachungulia, akaendelea. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa na banda la makuti na mlango usio na rangi, na kando ya jiko mwanamke mnene alikuwa amekaa kwenye kigoda akila, taratibu, kutoka kwenye sahani yake mwenyewe.

"Hapa," alisema mama. "Mpishi anakula anachopika."

Viti vilikuwa na migongo. Kijana wa kuhudumia, shati jeupe limemzidi, alitutajia vyakula kwa kasi ya kondakta. Mama alimwomba arudie polepole, si kwa kuwa hakusikia. Aliagiza changu wa nazi na wali. Na chakula kilipokuja, mikono yake ilinyanyuka kutaka kupokea sinia. Nikaona imenyanyuka, nikaona imesimama hewani, ikarudi mezani. Kijana aliweka sahani mbele yake kwanza. Mama aliinama akanusa mvuke.

"Mchele huu wa wapi, mwanangu?"

"Wa Kyela, mama," alijibu kijana bila kufikiri. "Kyela halisi."

Sisi watano tulitazamana. Baba alianza kukohoa. Mama alionja, akatafuna macho yakiwa yamefumbwa, akameza. "Si wa Kyela," alisema kwa upole. "Lakini umepikwa na mtu anayejua. Ndaga fijo, asante sana. Mwambie mpishi amefanya vizuri." Kijana aliondoka akijikuna kichwa, na sisi tukacheka mpaka watu wa meza nyingine wakacheka bila kujua sababu. Mama alikula. Aliegemea nyuma ya kiti, akala sahani nzima, akavunja kichwa cha samaki na kukifyonza, akaomba maji ya kunawa akaletewa. Kisha, tukiwa tumeshiba na upepo wa bahari unapita chini ya makuti, alitueleza habari ya Jumatatu, kwa maneno machache, bila kupamba. Tumpe aliinamisha uso mezani. Lusajo aliuliza, "Utakufa?" na mama akamjibu, "Sijui, baba. Madaktari wanasema wengi wanapona. Ila leo nimeshiba, na ninyi nawaona."

Alipona. Alilala hospitalini majuma matatu, akarudi Kyela mwembamba kama mwale wa jua, na mwaka uliofuata alikuwa jikoni tena. Ndiye aliyemuuguza baba miaka hii ya mwisho, na ninapoandika haya nasikia kikohozi cha mama chumba cha pili. Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Tulichokijua ni kwamba alasiri ilikuwa imefika na uwanja wa michezo ulikuwa unafunguliwa, nasi tulikwenda, kwa sababu hakuna aliyejua jambo jingine la kufanya. Lusajo alipanda treni akiwa bado anafuta machozi, na raundi ya pili alikuwa amesahau kuyafuta. Tumpe na baba walikaa kwenye benchi wameshikana mikono, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baadaye.

Mbele ya gurudumu mama aliniuliza, "Wewe hupandi?" Nikasema napanda kama yeye anapanda. Alilitazama juu mpaka chini. Alivua viatu akavishika mkononi, kama mtu anayeingia mtumbwini, akapanda. Tulipofika kileleni likasimama ili watu wengine waingie chini, tukaning'inia pale, bahari upande mmoja na mabati ya jiji upande mwingine, na kiti chetu kikayumba taratibu. "Ulikuwa unajua," alisema. Nilitikisa kichwa kukubali. "Tangu mavuno. Siku ile nilipotoka stoo nilikuta ndizi hazijaisha kumenywa." Alinishika kisogo kwa mkono uliokuwa na harufu ya samaki na limau. "Umebeba mzigo muda mrefu. Sasa utue." Nililia hapo juu, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kunisikia ila yeye, na yeye hakunikataza.

Gurudumu lilishuka. Mwendeshaji alifungua mnyororo wa kiti chetu, mimi nikaruka chini, nikageuka kumpa mama mkono. Alikuwa amekaa vile vile, viatu mapajani, uso umeelekea juu.

"Mama, raundi imeisha," alisema mwendeshaji. "Naomba ushuke."

"Zungusha, mwanangu," alisema mama. "Mimi bado sijashuka."